Pasipoti kwa Mkono wa Mwenye Mzigo

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Naif, mtaa wa Deira, nilipewa glavu. Tepu ya kupimia hawakunipa. Ninyi mnaokuja Dubai leo mtaona tepu ni kitu kidogo, lakini katika ofisi ile ya mizigo ndiyo iliyokuwa mpaka: waliotoka nchi nyingine walisimama nyuma ya kaunta na tepu na kalamu, sisi weusi tulikuwa mbele tunanyanyua. Msimamizi hakutujua majina. “Afriki, yalla, beba!” Mkiwa wanane, mnaitika wanane.

Sikumaliza darasa la tano, wala sioni haya kusema, maana waliomaliza chuo nimewashinda. Mzigo wa meli haulipiwi kwa kilo kama wa ndege. Unalipiwa kwa sibiemu, yaani nafasi unayokula: urefu mara upana mara kimo. Hesabu hiyo niliifanya kichwani, katoni ikiwa bado begani. Siku moja msimamizi alipima makochi ya mteja wa Kampala, akapata nafasi ya kujaza lori zima. Nikamwambia amekosea. Akacheka. Arbab, mwenye ofisi, akapima upya mwenyewe, akapata kama nilivyosema. Akaniuliza nataka nini.

“Tepu,” nikasema. “Na mshahara wa mwenye tepu, si mshahara wa rangi.”

Akaagiza chai, tukanywa. Kesho yake nilikuwa nyuma ya kaunta, Mwafrika wa kwanza pale. Msimamizi akaninong'oneza, “Kosa moja tu, Afriki, unarudi kwenye glavu.”

Kosa nililifanya. Alikuja madamu mmoja na begi la mtumishi wake wa ndani, la kupelekwa Ukunda. Mtumishi mwenyewe, Mejumaa, alisimama nyuma yake. Nikamuuliza kwa Kiswahili kama na yeye anasafiri.

“Begi tu, kaka. Mkataba wangu uliisha kabla ya Ramadhani, lakini pasipoti anayo yeye. Nikiiomba, ananiambia inshallah.”

“Sema tu, dada, usiliogope hili jabali la baibui. Halielewi hata neno.”

“Jabali limeelewa,” akasema madamu.

Miaka yote ile Deira, na nilisahau kwamba familia nyingi za hapa asili yao Unguja!

“Bibi yangu wa Ng'ambo ndiye kanilea, baba wee,” akaendelea. “Na huyu nilimchukua kwa lugha hiyo hiyo. Mama yangu mgonjwa, Kiarabu kimemtoka, kabaki na Kiswahili. Huyu akenda zake, nani atamsemesha?”

Shida yake ilikuwa ya kweli, sikatai. Lakini hata babu zetu walitiwa utumwani kwa sababu hiyo hiyo: walihitajika. Na sheria ya hapa yenyewe hairuhusu kushika pasipoti ya mtu. Nikaweka tepu chini.

“Bibie, mzigo hauondoki mpaka mwenye jina aonyeshe pasipoti yake halisi, kwa mkono wake.”

“Tangu lini?”

“Tangu leo asubuhi.”

Uongo mtupu. Nakala ya kitambulisho ilitosha. Madamu akamgeukia msimamizi, akamuuliza kwa Kiarabu kama ni kweli. Nikaziona glavu zangu pale ukutani, zinaningoja. Msimamizi akanitazama mimi, akamtazama Mejumaa.

“Kweli, madam,” akasema.

Sikumwelewa siku ile. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba pasipoti yake mwenyewe ilikuwa kabatini kwa arbab.

Begi likakaa siku nne kando ya mizani. Siku ya tano wakarudi, na pasipoti ilikuwa mkononi mwa Mejumaa.

“Nilimweleza bibi mkubwa, mama yake,” akaniambia. “Akagoma uji siku mbili. Akasema hafungui kinywa mpaka nipewe.”

“Na kuzungumza kagoma,” akasema madamu. “Ananitazama tu. Sasa huyu akishaondoka, nifanyeje?”

“Msemeshe wewe, bibie. Kiswahili unacho, tena cha kunishinda mimi.”

Madamu akaukunja mkono wa baibui. Nilipopima, akainama akashika upande wa pili wa tepu, na msimamizi akaniandikia vipimo. Mejumaa akatia dole gumba kwenye fomu, akaifunga pasipoti yake kwenye pembe ya leso. Wiki iliyofuata alipanda ndege. Mgomo wa uji ni sifa ya bibi mkubwa yule. Amri ile ni sifa yangu, na mtu asininyang'anye. Msimamizi aliibandika ukutani, naye pasipoti yake akaidai kwa arbab, akapewa.

Mwezi uliopita mgongo ulinigomea, nikastaafu kabla mvi hazijanienea. Nimewafundisha watu wengi kupima, na ninachowaambia ni hiki: ukifika nyuma ya kaunta, kumbuka ulitoka mbele yake. Juzi nilikwenda kutuma mizigo yangu ya kurudi nyumbani. Kaunta ina binti wa Kiganda, tepu shingoni.

“Pasipoti, mzee. Halisi, kwa mkono wako.”

“Binti, unamjua aliyeitunga amri hiyo?”

“Simjui, mzee. Nyuma yako kuna foleni.”

Nikaitoa.