Matete ya Bagara

Sisi tuliokulia Bagara, upande wa ziwani, hatukujua kwamba lile tope lina jina la heshima. Siku hizi linaitwa ardhioevu. Sisi tuliliita majini, basi, na mtoto akipotea mchana kila mama alijua kaenda majini.

Jamani, tulifaidi! Ukitoka shule unavua viatu, kama unavyo, unazama mpaka magotini. Tulikata matete tukatengeneza filimbi, tukavua kambale kwa mikono, tukabanduana ruba miguuni huku tunacheka. Mama naye alikuja kukata majani ya ng'ombe, na ukimwona tu unatoka mbio. "Hilo tope liishie hukohuko!" anafoka. "Nyumba yangu si zizi!" Jioni tope kalisahau, anasonga ugali, na kichwa cha kambale anakula yeye, eti ni haki yake.

Watoto wa leo wanavuka dimbwi la mvua kwa bodaboda. Nauli ya buku imekwenda, ili raba zisilowe.

Mama bado ana ng'ombe mmoja, na kiangazi majani mabichi anayapata kwenye kipande kilichobaki tu. Kwingine kote wameshamwaga kifusi wakauza viwanja. Waliojenga wanalalamika maji yanaingia sebuleni. Sasa walitaka yaende wapi, sokoni? Ndiyo maana niliposikia kuna vijana wanakuja kutetea ziwa, nilimshika mama mkono tukaenda, na mundu wake, akate majani wakati wa kurudi.

Vijana wamependeza hao! Fulana mpya za kijani, maji ya chupa, spika inanguruma. Mmoja akamwamkia mama: "Shikamoo, bibi. Tumekuja kuwaelimisha umuhimu wa matete."

"Marahaba. Unanielimisha mimi?" Mama akacheka mpaka akashika kiuno.

Wakatupanga mbele ya matete tupige picha. Mara lori la kifusi likapiga honi nyuma yetu. Nikangoja wapige kelele, wakae njiani, si ndio watetezi? Wakasogea. "Bibi, mpishe dereva kwanza, picha tutapigia upande wa pili," kijana akasema, tena kwa adabu zote.

Na sisi tukasogea. Lori likamwaga, matete yakalala. Mama akabaki ameshika mundu. Roho iliniuma sana. Tulipokuwa wadogo pale tulimpisha kiboko peke yake, na akishapita, matete yalisimama tena.