Kopo la Baruti Nzito

Nianze na ubishi wangu, maana ndio ulioleta yote haya. Sipendi kufundishwa. Kazi yangu hapa Columbus ni kupima maji ya bomba maabarani, nashinda na mizani kutwa, kwa hiyo siku nilipoingia dukani Gahanna kutafuta baruti ya kujazia risasi za bastola nilijiona mtaalamu tayari.

Muuzaji alikuwa mzee mpole. Aliponiuliza kama nina uzoefu, nikamwambia nimejaza za kutosha, uongo mtupu. Akanishauri nichukue baruti nyepesi, ile inayojaza ganda la risasi karibu lote. "Ukipitiwa ukaweka mara mbili itamwagika mezani, utaiona," alisema. Ile nzito inakaa kidogo tu chini ndani ya ganda, ukirudia hujui. Nikamkasirikia moyoni. Mimi wa kupitiwa? Nikachukua nzito makusudi, ili aone. Hata hakuona, alikuwa ameshageukia mteja mwingine.

Risasi zilikuwa za kumzawadia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayeishi Louisville. Alikuwa amenunua bastola ya silinda kwa Mkongomani mmoja waliyekuwa wakifanya kazi pamoja ghalani, na kila Jumamosi alikwenda kulenga shabaha.

Nilizijaza asubuhi moja, simu ikiwa sikioni. Mdogo wangu alikuwa anaoa kule Tanga, na mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi, mwenyekiti wa kwenye simu. Wajumbe wakaanza kuvutana kuhusu ukumbi, nami nikapandisha sauti, nikagomba weee, kijiko cha baruti mkononi. Nilipokata simu sikukumbuka nimeishia ganda lipi. Nikachungulia. Yote yalionekana sawa, giza tu chini. Nilipaswa kumwaga yote nianze upya. Nikaona uvivu, nikaendelea.

Jumamosi iliyofuata bastola ilipasuka mkononi mwa shemeji. Macho yalinusurika. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikatika katikati.

Nilipofika hospitali, kabla sijafungua mdomo, akaniambia, "Shemeji, yule Mkongomani kaniuzia kitu kibovu."

Nikamjibu, "Watu wengine hawana haya."

Mimi huyu nilisema hivyo, nimemshika ule mkono mzima, na nikaombea asiongeze neno. Risasi zilizobaki nilizichukua kimya kimya nikaenda kuzipima nyumbani. Moja ilikuwa nzito kuliko nyingine. Nilipoifumua nikakuta baruti ya mara mbili. Nikaimwaga, nikaosha mikono, nikamuuliza mke wangu chakula kiko wapi.

Maneno yakasambaa Louisville. Ghalani watu wakaacha kukaa meza moja na yule bwana, eti anauzia wenzake vifo. Aliapa kwamba bastola ilikuwa nzima, nani amsikilize? Mwishowe akahamisha familia yake Buffalo. Nilipopata habari hiyo, nasema ukweli, nilishusha pumzi.

Halafu ikaja Idi. Tuliswali bega kwa bega kwao Louisville, mimi na shemeji. Kwenye attahiyatu nikaona pembeni akinyanyua kile kipande cha kidole kilichobaki, polepole, kama kinamuuma. Sijui nilimalizaje swala ile. Nilimkumbatia, nikala pilau yake, na bado sikusema.

Wiki iliyofuata niliendesha gari mpaka Buffalo. Yule bwana alinifungulia mlango akiwa bado na sare ya kiwandani, akanikaribisha, akanimiminia chai kabla hajajua nimefuata nini. Nikamweleza yote: duka, baruti, simu, kijiko, hospitali. Nilisema nikiangalia kikombe. Sikuweza kumtazama usoni, aibu ilinijaa mpaka masikio yakawa ya moto.

Kisha akauliza, "Bon. Na shemeji yako, ulimuambia?"

"Bado."

"Donc umekuya kwangu mbele juu ya nini?"

Ningeweza kusema nimekuja kwake kwanza kwa sababu yeye ndiye aliyedhulumiwa. Ingependeza. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo njia nzima. Lakini yaligoma kutoka, nikamwambia ukweli ulivyo: "Kwa sababu wewe nakuogopa kidogo kuliko yeye."

Alitikisa kichwa, wala hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Akaisukuma simu yangu pale mezani mpaka ikagusa kikombe changu. Akaketi, akangoja.

Nikapiga. Iliita mara mbili tu. Tangu ile harusi ya Tanga shemeji haniiti tena shemeji, kanipa cheo, na kila nikimpigia hukipaaza kwa furaha.

"Mwenyekiti!" alisema. "Leo umetuletea habari gani?"