Kilo Nilizomudanganya Riziki

Naona haya mupaka leo, lakini afadhali muisikie kwa mudomo wangu kuliko kwa jirani yangu Mama Zaina, maana yeye akiisimulia anatia chumvi na pilipili juu.

Riziki ni mujukuu wangu wa kike, mimi ndiye nilimulea, na alisomea kurusha ndege huko Lubumbashi (mimi niliishia mwaka wa pili wa shule, lakini kizazi changu kinaruka juu, muandike hiyo). Kiangazi kilichopita akakuja Kasongo na ndege ya rafiki yake, ndogo, ya watu wawili tu, akaniambia: "Koko, kesho nakutembeza hewani. Tunaenda kuangalia muto wa Lualaba pale Nyangwe, tunarudi."

"Tunashuka kwa nani?"

"Hatushuki, Koko. Ni kujifurahisha tu."

Sasa niambieni, safari gani hiyo ya kwenda bila kufika? Na Nyangwe iko dada yangu! Nikajisemea, huyu mutoto akishaona mulango wa dada yangu atashuka tu, na mimi siwezi kuingia kwa watu mikono mitupu kama mutoza kodi. Basi nikafunga bidoni ya mafuta ya mawese tumboni, muchele kiunoni, karanga mugongoni, nikavaa vitenge vitatu juu yake.

Kiwanjani watu walijaa, hata wakwe zangu, maana tangu jana yake nilikuwa natangaza sokoni. Riziki akatoa karatasi, akauliza mbele yao wote: "Koko, uko na kilo ngapi?"

Kilo! Kama mbuzi! Nikajibu, "Makumi tano," na haikuwa uongo kabisa, ndizo walizonipima maternite nikiwa na mimba ya mama yake. Riziki akaniangalia toka kichwa mupaka miguu, akaandika. Nani atabishana na mwanamuke aliyemutawaza utotoni?

Tukapanda ndege, tukakimbia nayo kiwanjani. Ndege ikalia, ikatetemeka, majani yakapita, nyumba zikapita, mimi nikaisaidia kwa mabega, lakini kupanda, hapana. Riziki akazima moteri, akakanyaga breki kwa nguvu zote, kiwanja kikatuishia, tukaingia mu shamba la mihogo, puu! Sisi wazima, ndege nzima, lakini kizibo cha bidoni kiliruka.

Watu wakafika mbio, wakaona kitu chekundu kinanitiririka mupaka mu viatu. "Damu! Ameua Koko wake!" Mama Zaina akajitupa chini, akaanza kunililia kilio cha matanga, mimi nikiwa namuangalia. Mwanaume mumoja akasema: "Niliwaambia. Mwanamuke mumupe kinu, si ndege!" Na wengine wakaitika.

Riziki alikuwa amesimama kando ya ndege. Mawese alikwisha kuyajua, harufu peke yake ilitosha. Lakini alisema tu: "Kosa ni langu." Hakunitaja.

Hapo ndipo roho iliniuma. Nikafungua kitenge cha kwanza, nikafungua cha pili, mbele ya wakwe zangu. "Nyamazeni! Si damu, ni mawese! Mutoto hana kosa, mimi ndiye nilimudanganya kilo!" Muchele ukamwagika, karanga zikafuata, kuku wa mwenye shamba wakakuja kula miguuni pangu. Yule mwanaume wa kinu alicheka mupaka akakaa chini, lakini sasa alikuwa ananicheka mimi.

Riziki akanishika mukono. "Koko, mimi pia nilikosa. Nilijua si makumi tano, nikaona haya kukupima. Ndege haijui heshima." Akaazima balanse ya muuza muchele, nikapanda: makumi tisa na tatu (na mawese yote yalikwisha kumwagika!).

Kesho yake, alipomaliza kuikagua ndege gurudumu kwa gurudumu, akairusha peke yake, akarudi, ndipo akamupima Mama Zaina, ambaye ni mukavu kama kijiti cha mushikaki, akapanda naye. Huyo aliyenililia jana alinipungia mukono dirishani kama muke wa gavana!

Kiangazi kinachokuja Riziki atarudi. Nimekwisha kuapa: nitakuja mikono mitupu, nitapanda balanse wa kwanza, Kasongo yote inicheke. Afadhali wanicheke mimi kuliko wamucheke yeye.