Mikono ya Mama na Termostati

Mwaka wa vikwazo, nchi jirani zilipotufungia mipaka, frigo yetu ilinyamaza mchana, na hakuna aliyeshtuka. Umeme ulikuwa ukikatika kila mara. Tulishachoka kuuliza. Mama aliifunika frigo kwa blanketi, kama tulivyozoea, ili baridi isitoroke. Jioni tukasikia redio ya jirani, ile isiyotumia betri, ndipo tukaelewa. Umeme ulikuwepo muda wote.

Ndani kulikuwa na chupa mbili za insulini ya baba. Mjini hatukupata nyingine.

Fundi alikuja asubuhi, akafungua, akatikisa kichwa. Termostati, kile kidude kinachokata umeme baridi inapotosha, ilikuwa imeungua.

"Mupya hakuna, Mama. Nimezunguka maduka ya Asiatique yote, rafu tupu. Mi nakuungia direkti, waya kwa waya. Frigo itapiga baridi mpaka vita iishe."

"Na insulini ikiganda?" Mama aliuliza.

"Si itayeyuka?"

"Apana. Ikiganda imekufa."

"Muniulize na mi," baba alisema kutoka kitini. "Au chupa ndiyo mugonjwa?"

Fundi akaunga waya hivyo hivyo, akaahidi kutafuta termostati kuukuu. Mama akaweka sahani ya maji kando ya chupa. Maji yakianza kushika ngozi ya barafu, tunachomoa plagi; yakipata uvuguvugu, tunachomeka. Tulipeana zamu. Nilisoma, nilikula, nilisali nikiiwaza sahani ile. Hata vita haikunichosha vile.

Siku moja risasi zililia upande wa mtaa wa Kinama, zikasogea kwetu. Tulilala sakafuni kwenye korido, na frigo ikiendelea kunguruma jikoni. Mama alivumilia, kisha akatambaa kwa viwiko hadi jikoni. Nilisikia mngurumo ukikatika. Aliporudi, vidole vyake vilikuwa vimelowa.

"Bado ni maji," alimwambia baba.

Fundi alirudi na termostati aliyoitoa kwenye frigo iliyokufa. Alichomoa plagi, akafungua kile kiungo cha direkti, akafunga waya mbili mahali pake, akaulaza mrija wake mwembamba, ule unaopima baridi, kwenye ukuta wa barafu. Akachomeka. Tukakaa kuisikiliza. Baada ya muda mrefu ikalia tak, na frigo ikanyamaza yenyewe.

Baba alicheka. Fundi alianza kukusanya bisibisi zake. Mama alikuwa ameshainama nyuma ya frigo, mkono umeshika plagi, tayari kuchomoa.