Hendibreki ya Mzee wa Moiben

Hadi leo, lori likiteremka kutoka Ainabkoi na breki zinaungua, mimi huziba pua. Wengine husikia harufu ya moshi tu. Mimi nasikia Yamumbi, gereji ya Baba, miaka ile ya chama kimoja tulipokuwa tunapewa maziwa ya bure shuleni. Nisiwadanganye, shule nilienda kwa ajili ya hayo maziwa. Tumbo lilipoyakataa, nikaacha yote mawili.

Kulikuwa na mkulima wa Moiben mwenye gari la mashindano, linanguruma mpaka kuku wanasahau kutaga. Kwenye kona za matope alikuwa anavuta hendibreki, ile breki ya mkono, magurudumu ya nyuma yanajifunga, mkia unazunguka. Sasa ilikuwa haishiki. Breki shuu, zile zinazobana gurudumu kwa ndani, zilikuwa zimelika mpaka chuma. Baba akasema laining za kawaida, yale magamba yanayovishwa shuu, hazitoshi, zikatwe kutoka laining ya lori, nene na ngumu, zipigwe riveti za shaba. Kazi akampa Ouma, kijana wa kutoka upande wa ziwa, miaka mitatu akijifunza kwetu. Ikishika, Baba alisema, Ouma ni fundi kamili.

Baba alikuwa na msemo: mkono wa mafuta ushike injini, breki inataka mkono wa padri, ikionja mafuta inateleza. Alikuwa na sheria pia. Aliyefunga breki ndiye anasimama nyuma ya gari mteremkoni ikijaribiwa.

Ouma alikata, akatoboa matundu, akapiga riveti, akasugua na msasa. Akaosha zote na petroli, akazipanga kwenye gazeti. Kabla ya kwenda chai aliangalia mafundi wengine, wote weusi kwa grisi, akaniita.

"Nilindie hizi, Wambui. Wewe ndiye msafi hapa."

Ilikuwa Julai, na baridi ya Eldoret mnaijua. Mikono yangu ilikuwa imepasuka, na asubuhi Mama alikuwa amenipaka mafuta ya kukamulia, yale ya chuchu za ng'ombe. Sisi wote tulijipaka hayo, hata kwenda kanisani. Mimi sikuyahesabu kuwa mafuta. Grisi ndiyo ilikuwa mafuta. Basi nikazishika. Riveti ziling'aa kama vifungo vya koti la chifu. Nikazipapasa moja moja, nikazipanga tena vizuri, nikajisifu. Ouma akarudi, akazifunga ndani ya dramu za magurudumu.

Gari likapandishwa kwenye mteremko wa lango, ukuta wa mawe nyuma, Ouma katikati. Mzee wa Moiben akavuta hendibreki akimcheka.

"Unatetemeka, fundi? Kwani umefunga na ugali?"

"Nimefunga na riveti, Mzee. Achilia breki ya mguu."

Akaachilia. Gari likasimama kidogo, kama linafikiria, halafu likarudi nyuma. Sauti ya mfupa ukutani sitawaelezea.

Walipolisukuma, Baba hakumwendea Ouma kwanza. Alifungua dramu. Akaleta breki shuu puani, akanusa, akageuka akaniangalia mikono. Mafuta ya kukamulia yana harufu yake. Halafu akamtupia Ouma ile shuu kifuani, hapo chini alipolala.

"Miaka mitatu, na kunawa hujui."

"Niliosha, Mzee. Niliosha zote."

Baba akasema asirudi kwake tena. Watu wakacheka kidogo, wale wa kumpendeza mwenye gereji. Mimi nikaficha mikono ndani ya sweta. Jioni Baba alininunulia soda, na nikainywa yote.

Ouma nilimkuta nikiwa mtu mzima, sokoni, mguu mmoja umekauka, anauza nyanya. Akanitambua yeye. Nikamuuliza mbona hakwenda gereji nyingine, kazi za kukaa chini zipo. Akasema alijaribu, lakini kila akifunga kitu anakifungua tena kuangalia, mpaka wateja wakachoka. Nyanya haziui mtu.

"Baba yako alikuwa na haki, Wambui. Lazima niliacha mafuta mahali."

Akaniongezea nyanya mbili juu.

Utotoni nilidhani tulimnyang'anya mguu. Siku hiyo nikajua mguu ulikuwa kitu kidogo. Tulimnyang'anya hata ule ukweli alioujua mwenyewe pale chini, kwamba aliosha, na mimi nilikuwa nao, mzima, mdomoni. Nikamwambia asante kwa nyanya.