Bilauri ya Mwisho ya Mzee Vendelin

Ctibor Hanak alikuwa na sheria moja karakanani, nayo haikuchagua sura ya mtu: kioo chenye jiwe hakitoki mlangoni. Jiwe lenyewe ni punje tu, kigae cha ukuta wa tanuri kilichomeguka na kuzama ndani ya kioo kilichoyeyuka. Kwa kidole hulipati, maana limefunikwa pande zote. Utaliona ukikiinua chombo kwenye mwanga, kadoa keupe kama chembe ya chumvi. Ila kioo hicho kina ugomvi tumboni, na siku yoyote, mezani au mkononi mwa mtu, huweza kupasuka chenyewe.

Mafundi wote wa Novy Bor, mji wa wapuliza kioo, wanaijua sheria hiyo. Wanaoishika ni wachache, kwa sababu wasanii wanaokuja kutoka Praha na michoro yao, kukodi mikono na pumzi za mafundi, hawapendi kusikia habari za jiwe. Silvie, mchonga sanamu aliyefanya kazi pale kila mwaka, aliwahi kumlilia Ctibor kwa ajili ya samaki wa kioo cha buluu.

"Fundi, nani atakaona hako kadoa? Nitamgeuzia ukutani!"

"Mungu naye utamgeuzia ukutani?" Ctibor akamtupa samaki kwenye pipa la nje. Vigae vya namna hiyo havirudishwi hata tanurini.

Aliyemfunza ukali huo ni Vendelin, baba wa mkewe Drahomira. Mzee huyo alipuliza kioo tangu ujana wake, mpaka mtoto wa jicho akamfunika macho yote mawili, kama inavyowapata wengi waliozeeka wakiutazama moto. Daktari alitaka kumpasua. Vendelin alikataa. "Nimeshaona vya kutosha," alisema, na watu wakacheka, kana kwamba ukaidi ni hekima.

Huko fundi anayestaafu huagwa kwa kazi yake mwenyewe. Hupuliza bilauri ya mwisho mbele ya wenzake, na kesho yake, ikishapoa, hujazwa bia, wote wakanywa humo kwa zamu. Kisha huwekwa kwenye rafu ya baa, pamoja na za waliomtangulia.

Siku yake ilipofika, Vendelin alipuliza kwa kupapasa, Ctibor akimshikia bomba la kupulizia.

"Polepole, mkwe! Unazungusha kama mtu anayekoroga supu."

"Nakufuata wewe, baba."

"Ungenifuata ungekuwa fundi zamani."

Kicheko kikajaa karakana. Bilauri ilitoka ndefu, yenye mguu mwembamba, na kila mtu alikiri kwamba mikono ya mzee haikuwa imezeeka.

Kesho yake mchana, Drahomira alileta nyama ya nguruwe na maandazi ya kuchemsha, na Zbynek mwenye baa akaviringisha pipa la bia mpaka mlangoni. Ctibor aliitoa bilauri kwenye tanuri la kupoozea, akainyanyua dirishani kwa mazoea. Pale mguu ulipoungana na tumbo, palikuwa na jiwe. Silvie, aliyesimama ubavuni pake, aliliona pia. Akainamisha macho.

"Mbona kimya?" Vendelin alinyoosha mikono. "Mkwe, iko safi?"

"Ina jiwe, baba."

Mzee alicheka, akaipokea, akaipitishia kidole gumba chini mpaka juu. "Liko wapi? Hapa pote ni laini kama shavu la mtoto."

"Liko ndani. Huwezi kuligusa."

"Zbynek! Wewe una macho. Waona jiwe?"

Zbynek aliiinua bilauri, akaitazama sana, akamrudishia. "Sioni kitu, mzee. Safi kama maji."

"Silvie?"

"Safi, babu."

"Na wewe, Draha, mwanangu?"

Drahomira alizaliwa na kukulia kwenye kazi ya kioo. Alitazama mahali palepale mumewe alipotazama, akalibana bakuli la maandazi kifuani. "Safi, baba."

"Umesikia? Basi huo ni wivu, mkwe. Miaka yote hii umekula kwangu ukiniombea nikosee."

"Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilikufundisha kuvunja kibovu. Kuvunja watu umejifunzia wapi?"

Drahomira alimshika mumewe kiwiko, akanong'ona, "Nakuomba. Tusinywee humo, iwekwe tu rafuni."

Njia ilikuwapo, tena nyepesi. Lakini Ctibor alijiuliza atamwambia nini mtu mwingine yeyote baada ya hapo. Sheria inayomwacha baba mkwe na kumshika Silvie si sheria, ni uonevu wenye jina zuri. Akaichukua bilauri mikononi mwa mzee, akatoka nayo nje, akaitupa kwenye pipa la vigae.

Vendelin hakuona kitu, ila alisikia. Alivaa kofia. "Zbynek, nipeleke nyumbani. Kaniharibia kazi yangu ya mwisho, nisije nikamharibia uso."

Tangu siku hiyo alisimulia baani kwamba mkwewe ni mwongo, aliyemvunjia kipofu bilauri nzima. Walioona jiwe walikunywa bia zao, wakatikisa vichwa kumsikitikia mzee. Silvie peke yake alimwendea Ctibor faraghani.

"Fundi, mimi niliona. Ulisema kweli."

"Kamwambie yeye."

"Aa, fundi, mzee wa watu! Nitampa uchungu bure."

Huu ndio wema wa watu wengi. Humpa mtu mmoja neno tamu, na uchungu wake humbebesha mwingine ambaye hakuulizwa. Drahomira naye hakuwa na ujasiri zaidi. Kumwambia baba yake kweli kungekuwa kukiri kwamba yeye, damu yake, alimdanganya usoni, na kila siku aliyonyamaza iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi. Mzee alipougua, alihamia kwake kumuuguza. Ctibor alikwenda kubisha hodi. Mara zote mkewe alimjibu kupitia mlango kwamba baba amelala. Mwishowe akaacha kwenda.

Vendelin alikufa msimu wa majani kuanguka, akiwa na chuki na mtu pekee aliyemwambia kweli. Mazikoni Ctibor alisimama nyuma ya majirani, kwa ombi la mkewe. Sheria yake aliishika. Ilimpotezea baba mkwe, na Drahomira hakurudi nyumbani.