Tumbo la Mtu Mwenye Tai

Mama alinilea akiamini kwamba hospitali huendewa kwa nguo za Jumapili. Ukienda na matambara, alisema, utakaa benchi mpaka wafagiaji waanze kufagia chini ya miguu yako. Kwa hiyo tumbo langu lilipoanza kunisumbua, miaka mitatu iliyopita, nilifanya kama nilivyofunzwa. Nilipiga shati pasi, nikafunga tai, nikang'arisha viatu, nikaenda kumwona daktari hapa mjini Kisumu nikiwa nimependeza kuliko daktari mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa historia wa shule ya sekondari, si mtu wa kutetemekewa, lakini ile tai ilifanya kazi. Niliitwa ndani kabla ya akina mama waliokuwa wamefika alfajiri. Daktari yule wa kwanza alinipima damu na kusema ni taifodi. Hapa kwetu taifodi ni kama kiti: ukiingia kliniki yoyote na tumbo lako, unakaribishwa nayo. Nilimeza vidonge wiki mbili. Tumbo likaendelea kunikata, kuvimba, na kunitoa darasani mbio, nikiwaacha wanafunzi na Vita vya Kwanza vya Dunia ambavyo havikuwahi kuisha muhula ule wote.

Wa pili alisema ni asidi. Akaniandikia orodha ya vitu vya kuacha: maharagwe, pilipili, ndimu, chai ya rangi, chai ya maziwa, maziwa lala, omena wa kukaanga. Nilimsomea mke wangu orodha hiyo, naye akauliza kama daktari ameniachia maji. Miezi minne nilikula viazi vya kuchemsha huku wenzangu wakichambua samaki, ngege wa ziwani, mbele yangu na kulamba vidole. Nilikonda mpaka kola ya shati ikawa inanizunguka shingoni. Kanisani watu walianza kuniuliza habari za afya kwa sauti ya chini, ile ya kumuuliza mtu ambaye mmeshaanza kumpangia kamati ya mazishi.

Wa tatu ndiye niliyedumu naye. Alikuwa na kliniki kwenye ghorofa ya tatu, penye kiyoyozi na tangi la kioo lenye visamaki vya mapambo vilivyotoka nchi za mbali, kana kwamba samaki ni kitu cha kuagizwa kutoka ng'ambo kuja Kisumu. Aliniita Mwalimu kila baada ya maneno matano. Alipima damu, akapima presha, akanipaka ile jeli ya baridi na kunipiga picha ya tumbo. Nilipojikaza nikamwambia kwamba mara nyingine choo changu huwa na damu, aliinua kiganja kama askari wa trafiki. Hiyo ni bawasiri tu, alisema, walimu mnakaa sana. Tangu niajiriwe nafundisha nimesimama.

Nilimuuliza kama si vizuri hicho choo kipimwe. Alicheka kwa upole, akasema hawezi kumsumbua mtu kama mimi kwa kumpitisha kwenye korido na kikopo mkononi. Na mimi, mpumbavu, nilifurahi. Niliona huyu sasa ananiheshimu.

Hukumu yake ilikuwa mawazo. Nilikuwa na mawazo mengi, alisema, na mawazo hushukia tumboni. Akaniuliza kama nyumbani kuna amani. Amani ilikuwepo, mpaka nilipofika nyumbani na kumweleza mke wangu kwamba daktari ameuliza hivyo.

Hapa lazima niwaambie habari za gari langu. Ni gari kuukuu, lakini nalipenda, na siwezi kuliacha mikononi mwa mtu mwingine aje alikwaruze kwa brashi. Kila Jumamosi asubuhi nalipeleka mwenyewe ufukoni, pale magari yanapoingizwa majini mpaka magurudumu yakaribie kuzama. Nakunja suruali, navua viatu, naosha. Binti yangu, aliyekuwa na miaka minane, alikuwa mshirika wangu katika kazi hiyo. Yeye alisimamia kapeti. Alikuwa anafunga gauni kiunoni, anaingia mpaka mapajani, anazisugua moja moja kwa sabuni huku akiimba, kisha anazianika juu ya mawe. Baadaye tunakula mandazi tumekaa, miguu bado majini. Kama kuna saa za wiki nilizokuwa nazisubiri, zilikuwa hizo.

Jumamosi moja daktari wangu wa ghorofani aliegesha gari lake kubwa hapo hapo. Yeye hakuingia majini, bila shaka. Aliwaachia waosha magari, akasimama mbali kidogo penye kokoto, viatu viking'aa. Aliponiona alifurahi kwelikweli. Tulisalimiana, yeye nchi kavu, mimi nikiwa na maji ya ziwa magotini na mtoto wangu pembeni akiwa na maji ya ziwa mapajani. Aliniuliza tumbo linaendeleaje. Nikamwambia bado linanisumbua. Akatikisa kichwa kwa huruma, akalisifu gari langu kwa jinsi nilivyolitunza, akamsifu binti yangu kwa bidii, akaniambia nipite Jumatatu. Jumatatu nilipita. Aliniongezea dawa ya maji ya asidi, chupa mbili, rangi ya waridi.

Haya yote ningeyacheka kama yangeishia kwangu. Lakini mwaka uliofuata binti yangu alianza kushika tumbo. Alishika asubuhi kabla ya shule, alishika mezani, akaanza kuacha ugali nusu. Nilimpeleka kwa mtu niliyemwamini, nikiwa nimefunga tai, naye amevaa gauni la Pasaka na soksi nyeupe. Daktari alimbonyeza kidogo, akampa peremende, kisha akamwambia akaangalie visamaki. Akaniinamia.

“Mwalimu, mtoto huyu anakuiga,” alisema. “Anaona baba akishika tumbo anahurumiwa. Usimpe nafasi, ataacha tu.”

Nilimshukuru. Sasa naandika neno hilo na mkono wangu unaona aibu, lakini nilimshukuru, tena kwa kushikana mikono. Nilirudi nyumbani nikaifuata dawa hiyo kwa uaminifu kuliko zote nilizowahi kuandikiwa. Binti yangu akishika tumbo, nilimwambia aache maigizo. Akilia, nilimwambia shule haikimbiwi kwa machozi. Mwalimu wake wa darasa alipopiga simu kusema mtoto amelala juu ya dawati, nilimweleza kama mtaalamu mwenzangu kwamba asimjali. Mke wangu alinipinga, nikamjibu kwamba kati yetu hakuna daktari. Baada ya kama miezi miwili mtoto aliacha kulalamika. Nilipomwona daktari nilimpa habari hiyo kwa furaha, naye akatabasamu kama mtu aliyezoea kupatia.

Kilichonivua tai ni palizi. Mwaka huu, wikendi ya katikati ya Mei, nilikwenda nyumbani kwa mama, upande wa Pap Onditi, kumsaidia kupalilia mahindi. Nikiwa katikati ya shamba tumbo lilinishika nikapiga magoti kwenye tope. Mama alikuwa ameenda sokoni Katito. Angekuwepo angenilazimisha kuoga na kubadilisha nguo kwanza. Jirani alinipakia kwenye bodaboda vile nilivyokuwa, suruali imechanika, miguu mitupu yenye matope mpaka magotini, akanishusha kwenye zahanati yenye vyumba viwili na benchi moja.

Muuguzi aliyekuwa zamu ni mama wa makamo mwenye sauti ya kuchoka. Hakuniita Mwalimu. Hakujua mimi ni nani wala hakuonekana kutaka kujua. Alinitazama, akaanzia miguuni.

“Baba, wewe ni mvuvi?”

Nikasema hapana.

“Unalima mchele?”

Nikasema hapana.

“Sasa hiyo miguu inaingianga maji wapi?”

Nilitaka kumwambia kwamba shida iko tumboni, si miguuni, na kwamba nina mawazo mengi. Badala yake nilimjibu kwamba siingii maji popote, ila Jumamosi naosha gari. Akauliza naosha wapi. Nikamwambia ziwani, Kisumu. Akaiweka kalamu chini, akaniuliza kwa muda gani. Nilipomwambia ni miaka, alifungua droo, akatoa kikopo, akakisukuma mbele yangu.

“Leta choo,” alisema. “Choo iko nyuma ya jengo.”

Miaka mitatu ya kliniki, na hilo ndilo neno la maana nililowahi kuambiwa na mtu wa afya. Alikiangalia mwenyewe kwenye hadubini kuukuu iliyowekwa dirishani, maana mtu wa maabara alikuwa likizo, na hata dakika kumi hazikuisha. Kichocho. Nilibisha. Nikamwambia kichocho ni cha mkojo, na mkojo wangu ni msafi kabisa. Akanieleza bila kuinua sauti kwamba kuna cha mkojo na kuna cha tumbo, na cha huku kwetu ziwani ndicho cha tumbo, na hata watoto wa mabanda ya Nyalenda wanakijua kwa sababu shule za serikali huwapa dawa yake. Akanipa vidonge vikubwa vichungu, akasimama juu yangu mpaka nikavimeza vyote.

Halafu akauliza swali ambalo lilinikausha mdomo kuliko vile vidonge. Aliuliza nani mwingine nyumbani kwangu anaingia maji hayo.

Nilimtaja binti yangu. Akauliza kama amepewa dawa shuleni. Nikamwambia yeye yuko shule ya kulipia. “Ooh, akademi,” alisema, na kuandika, na sijawahi kusikia neno dogo likinishusha hadhi namna ile. Akaniambia nimlete Jumatatu.

Nikiwa bado nje ya zahanati, matope yakinikaukia miguuni, nilimpigia daktari wa ghorofani. Nilimweleza kilichoonekana. Alisikitika sana, akasema jambo hilo linatibika kwa urahisi, kisha akanilaumu kidogo, kwa heshima zote, kwa nini sikumwambia kwamba naingia ziwani.

“Uliniona, Daktari,” nilimwambia. “Ulisimama pale ukatuona, mimi na mtoto.”



“Mimi nilidhani unaosha gari tu,” alisema.

Sina shaka alisema kweli. Alimwona mwalimu anaosha gari. Kama mmoja wa wale waliokuwa wanalisugua lake angepanda ghorofani siku hiyo hiyo na tumbo kama langu, angeambiwa alete kikopo kabla hajamaliza salamu. Maji yalikuwa yale yale na konokono wanaobeba kichocho wale wale, ambao hawakuwa na habari kwamba mimi nina shahada. Nilikata simu nikiwa na hasira, na hasira hiyo sijaimaliza, lakini njiani kurudi shambani nilijua kwamba sehemu yake kubwa si ya daktari.

Jumatatu nilimtoa binti yangu shuleni. Nilimwambia mke wangu asimvishe gauni la Pasaka, akaja na zile nguo zake za kuchezea na malapa. Safari nzima hakuuliza tunaenda wapi. Zahanati ilikuwa na watu wengi, tukakaa benchi mpaka zamu yetu, na mtoto akawa mpole, mikono mapajani, kama alivyokuwa amezoea kuwa kwa mwaka mzima na mimi nikamsifu kwa kupona.

Muuguzi alimlaza kitandani, akaanza kumbonyeza tumbo taratibu. Alipofika chini ya mbavu nilimwona mtoto akikaza taya.

“Hapa inauma?” muuguzi alimuuliza.

Binti yangu hakumtazama muuguzi. Alinitazama mimi, muda mrefu, akisoma uso wangu kabla ya kujibu.

“Haiumi,” alisema, na machozi yakamtoka kwenye kona za macho, yakaelekea masikioni kwa vile alikuwa amelala chali.

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Nilimwambia baba alikosea, kwamba alikuwa mgonjwa kweli na mimi nikakataa kumsikiliza, na kwamba aseme ukweli, sitakasirika.

Alijifuta machozi masikioni.

“Hata nikisema ni kila siku?” aliniuliza.